Mpichesi hutibiwa ukiwa hauna jani hata moja

KATIKA nyumba nyingi za Uyole, Tukuyu, Kilolo na Mafinga, mti wa pichesi haupo shambani. Upo nyuma ya jiko, karibu na kamba ya kuanikia nguo, pale pale watoto wanapochezea. Kamusi huliita tunda lake fyulisi, lakini sokoni na kando ya barabara kuu iendayo Zambia mama anayeuza kwa ndoo atakwambia ni mapichesi.

Mti huu una thamani yake kwa mzazi. Matunda huanza kuiva kuelekea mwisho wa mwaka, na Januari shule zinapofunguliwa ndoo chache zilizouzwa zinakuwa zimeshageuka daftari, soksi, na pengine jozi moja ya viatu. Yasiyouzwa huliwa na watoto hapo hapo chini ya mti, mara nyingi kabla hayajaiva na bila kuoshwa.

Ndiyo maana mzazi hushtuka anapoona majani machanga yaliyotoka baada ya baridi yakivimba, yakijikunja na kugeuka mekundu kama yameunguzwa. Bibi atasema ni jua. Jirani atasema ni wadudu. Baba atakwenda duka la pembejeo, aseme tu kwamba majani yanajikunja, na atarudi na chupa ya dawa ya wadudu wa nyanya. Jioni hiyo hiyo mti utapulizwa, na kesho yake watoto watakuwa juu ya matawi kama kawaida.

Hapo familia inaweza kupata hasara mara mbili. Mti hautapona, na sumu itakuwa imefika mikononi mwa watoto bila sababu yoyote.

Ni kuvu au ni wadudu?

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, chuma majani matano yaliyojikunja, yageuze na uyaangalie mchana kweupe. Majani ya pichesi hujikunja kwa sababu zaidi ya moja, na kila sababu ina alama zake.

Sababu ya kwanza ni kuvu ambayo wataalamu huiita Taphrina deformans. Jani lenye ugonjwa huu huwa nene, hujaa mabonde na vilima, na likishikwa huvunjika badala ya kupinda. Rangi yake huwa ya waridi, nyekundu au zambarau, au kijani kilichopauka. Baadaye juu yake hutokea unga mweupe mwembamba kama vumbi la sembe. Mwishowe jani huwa la kahawia, hukauka na kuanguka. Tunda nalo linaweza kutoka mabaka mekundu yaliyoinuka.

Sababu ya pili ni vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Hapa jani hujikunja kwa ndani kama sigara, lakini halinenepi. Ukilikunjua utawakuta wadudu wadogo laini, wa kijani au weusi, wamejazana upande wa chini. Jani hunata kwa sababu vidukari hutoa maji matamu, na maji hayo huwavuta sisimizi. Ukiona msururu wa sisimizi unapanda na kushuka kwenye shina, anza kuwashuku vidukari.

Sababu ya tatu ni kiu. Jani hukunja kingo zake kwenda juu kama mtumbwi, halina uvimbe, halina wadudu, na mti ukipata maji linanyooka lenyewe.

Uchunguzi huu wa dakika tano ndio unaoamua mambo yote yanayofuata. Dawa ya wadudu haiui kuvu, na dawa ya kuvu haiui vidukari. Anayepuliza bila kuangalia anabahatisha kwa kutumia sumu.

Wenye parachichi, tufaa na peasi kwenye uwanja huo huo wasiogope. Kuvu hii haihamii kwenye miti hiyo. Majani ya parachichi yakijikunja, chanzo chake ni kingine.

Kwa nini ukipuliza sasa umechelewa

Jambo hili huwaumiza wengi, kwa kuwa ni kinyume na desturi ya kutibu ugonjwa unapoonekana.

Mbegu za kuvu hii hazikai ardhini wala hazisubiri kwenye majani makavu pekee. Hukaa juu ya gome na katikati ya magamba ya vichipukizi, hazionekani kwa macho, na zinaweza kuvuka msimu mzima zikiwa hapo. Mti unapoamka na vichipukizi kuanza kuvimba, mvua, manyunyu au umande mzito huzisogeza mpaka kwenye jani changa ambalo bado limefungwa ndani. Zikipata unyevu kwa zaidi ya nusu siku, na hali ya hewa ikawa ya baridi ya wastani, nyuzi 10 hadi 21 hivi, zinaingia ndani ya jani.

Kwa hiyo jani huambukizwa kabla halijafunguka. Uvimbe na wekundu unaoonekana wiki mbili baadaye ni matokeo ya jambo lililokwisha kutendeka. Kuvu inakuwa imeshaingia kwenye nyama ya jani, na hakuna dawa ya kupuliza itakayolinyoosha.

Hii inaeleza pia kwa nini mti wa Rungwe au wa safu za Mufindi, kwenye manyunyu na ukungu wa asubuhi, unaweza kuugua vibaya wakati mti wa aina ile ile kwenye upande mkavu wa Iringa unapita salama. Inaeleza vilevile kwa nini mwaka mmoja mti unaugua na mwaka mwingine hauugui. Vichipukizi vikivimba wakati wa ukavu, kuvu haipati nafasi.

Ukipuliza dawa ya shaba juu ya majani yaliyokwisha kufunguka unaweza hata kuongeza madhara. Majani ya pichesi hayapatani na shaba. Yanaweza kuungua, kutoboka na kuanguka, na mti ukabaki na majani machache zaidi ya yale ambayo ugonjwa ungeyaacha.

Mti umeshaugua: cha kufanya mwaka huu

Kutokuwepo kwa dawa hakuna maana ya kukaa mikono mitupu. Mti ulioangusha majani yake ya kwanza utajaribu kutoa mengine, na kazi hiyo inamaliza akiba yake ya chakula. Mpichesi ukipoteza majani miaka miwili au mitatu mfululizo hudhoofika, vichipukizi vya maua vya mwaka unaofuata huwa vichache, na hatimaye unaweza kufa. Kwa hiyo mwaka wa ugonjwa ni mwaka wa kuuguza.

Mwagilia maji ya kutosha kama mvua hazijaanza. Weka samadi iliyooza vizuri kuzunguka mti, mbali kidogo na shina, halafu tandaza nyasi kavu juu yake ili unyevu usipotee. Usimwage mbolea nyingi ya chumvichumvi kwa pupa. Majani mengi laini kwa mara moja huwakaribisha vidukari.

Punguza matunda. Hili wazazi wengi hawalipendi, lakini mti wenye majani nusu hauwezi kulea matunda yote. Matunda yakiwa na ukubwa wa njugu, toa yaliyosongamana na uache nafasi ya kama upana wa kiganja kati ya tunda na tunda. Yatakayobaki yatakuwa makubwa, na sokoni ndoo ya mapichesi makubwa ndiyo inayoondoka mapema.

Okota majani na matunda yaliyoanguka kwa ajili ya usafi, ila usitegemee kwamba kufanya hivyo kutaumaliza ugonjwa. Mbegu zake zimeshatulia kwenye matawi.

Je, mtoto akila tunda la mti unaougua atadhurika? Hapana. Kuvu hii ni ya mimea, haimpati binadamu. Tunda lenye mabaka likatwe sehemu mbaya, lioshwe, liliwe. Kinachoweza kumdhuru mtoto ni dawa iliyopulizwa juu ya tunda hilo.

Na kama ulichokiona ni vidukari, anza na maji. Yarushe kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Wasipoisha, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa kila lita moja ya maji, pulizia mpaka uwafikie wadudu wenyewe, jua likiwa bado halijawa kali. Ukiona vijidudu vyekundu vyenye madoa meusi mgongoni vinatembea kati ya vidukari, viache, kwa sababu vinawala. Mwenye shamba la viazi karibu na nyumba ana sababu ya ziada ya kuwahi: kidukari wa kijani wa pichesi hushambulia pia viazi mviringo, na huko hueneza virusi.

Siku yenyewe ya kupuliza

Siku ya kuukinga mti dhidi ya kuvu huja wakati ambao hakuna anayeufikiria. Matunda yameisha, baridi imeingia, majani yamepukutika, na mti umebaki fito tupu. Katika Nyanda za Juu Kusini hali hii kwa kawaida huangukia miezi ya baridi, Juni na Julai, ila miti haifanani. Usifuate kalenda. Tazama mti wenyewe: majani yawe yameanguka, na vichipukizi viwe bado vimelala, vidogo na vigumu. Vikishaanza kuvimba na kuonyesha ncha ya kijani au ya waridi, mlango unafungwa.

Kabla ya kupuliza, pogoa. Toa matawi makavu, yanayosuguana na yanayoziba katikati, mti ubaki wazi kama bakuli. Upepo na jua vikipita katikati, matawi hukauka upesi baada ya manyunyu, na kuvu inayohitaji nusu siku ya unyevu inakosa muda wake.

Kisha puliza dawa ya kuvu yenye shaba. Wakulima wa kahawa wa Mbozi na Rungwe hawahitaji kuelezwa. Ni jamii ile ile ya dawa za shaba wanazotumia dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Lakini kipimo cha kahawa si lazima kiwe kipimo cha pichesi, kwa hiyo soma lebo. Siri ya kazi hii ni kuenea. Kila kijitawi kilowe pande zote, kuanzia ncha mpaka shina, hadi dawa ianze kudondoka. Tawi moja lililorukwa ndilo litakalokuwa na majani mekundu Septemba.

Sehemu kavu, mara moja inatosha. Sehemu yenye manyunyu mengi, rudia mara ya pili kabla vichipukizi havijaanza kuvimba. Chagua asubuhi isiyo na upepo, siku ambayo haionekani kuwa na mvua.

Mwenye mti mdogo karibu na ukuta ana njia nyingine isiyohitaji dawa kabisa. Jenga kipaa cha nailoni juu yake kuanzia vichipukizi vinapokaribia kuvimba hadi majani yawe yamefunguka, ukiacha pande wazi ili hewa na nyuki wapite. Matawi yasipolowa, kuvu haina njia ya kuingia.

Dawa iliyoanzia kwenye zabibu za barabarani

Kuna kisa kimoja kuhusu dawa za shaba ambacho mzazi yeyote mwenye mti wa matunda atakielewa. Katika eneo la Médoc, karibu na mji wa Bordeaux nchini Ufaransa, wakulima wa zabibu walikuwa na desturi ya kupaka mchanganyiko wa mrututu na chokaa kwenye mizabibu iliyo kando ya njia. Nia yao haikuwa kutibu ugonjwa. Walitaka wapita njia waone rangi ile ya kibuluu, waogope na waache kuchuma.

Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea wa hapo, Pierre-Marie-Alexis Millardet, aligundua kwamba mizabibu hiyo ya kando ya njia ilibaki na majani yenye afya wakati iliyo ndani ya shamba iliteketea kwa ugonjwa wa kuvu. Akafanya majaribio, na mwaka 1885 akatangaza mchanganyiko ambao dunia inaujua hadi leo kwa jina la Bordeaux.

Kisa hiki kina funzo lake. Dawa hii ilianza kama kitisho, na kitisho kile hakikuwa cha uongo. Mrututu ni sumu kwa anayeumeza. Mwenye miti miwili mitatu nyumbani hana haja ya kupima mrututu na chokaa mwenyewe. Afadhali anunue pakiti ndogo iliyotengenezwa tayari, yenye lebo inayosomeka na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Dawa iliyopimwa kwenye karatasi au kumiminwa kwenye chupa isiyo na lebo usiichukue, hata ukipewa bure.

Mtoto kwanza

Mti ulio shambani na mti ulio nyuma ya jiko havipulizwi kwa namna moja. Siku ya kupuliza nyumbani, fanya haya kwanza.

Anua nguo zote kambani. Funika ndoo za maji na ingiza vyombo ndani. Fungia kuku. Kama chini ya mti kuna mchicha au figiri, vuna kabla au funika kwa turubai. Watoto waende kwa shangazi au kwa jirani mpaka dawa ikauke.

Anayepuliza avae mikono mirefu, glavu, buti, na kitu cha kukinga macho, pua na mdomo. Dawa ichanganywe kwenye ndoo ya plastiki ambayo haitarudi kuchota maji wala kufulia, na isikorogwe kwa mwiko wa jikoni. Mtoto asitumwe kushika bomba wala kulisafisha, hata kama ni kijana wa sekondari aliyezoea kazi. Maji ya kuoshea bomba yasimwagwe kisimani wala kwenye kijito, maana shaba inaua samaki na haiozi. Mto wa nyuma ya nyumba Iringa unaweza kuwa unaelekea Ruaha, na huko kuna watu wanaoyanywa maji hayo.

Kosa moja lisisamehewe ndani ya nyumba: kuhifadhi dawa iliyobaki kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto haisomi chupa, anaitambua kwa umbo lake. Dawa ikae kwenye pakiti yake, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na chakula.

Ikitokea mtoto amemeza dawa, usimtapishe, na usipoteze muda kutafuta maziwa. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, na uchukue pakiti au chupa yenyewe ili mganga ajue ni sumu gani. Kama imemwagikia mwilini, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni mkiwa mnajiandaa kuondoka.

Na kama siku moja italazimu kupuliza dawa ya wadudu kwenye mti wenye matunda, lebo inaeleza ni siku ngapi zipite kabla ya kuvuna. Mtu mzima anaweza kuhesabu siku hizo. Mtoto wa miaka mitano hawezi. Kama huwezi kuuzuia mti usiguswe kwa siku zote hizo, usipulize. Ni afadhali kupoteza ndoo mbili za mapichesi.

Kuanza upya kwa mche mzuri

Baadhi ya miti imechoka, na kuing'oa si aibu. Wengi walipanda kokwa iliyotupwa, na mti wa kokwa hauna uhakika wa kufanana na mama yake. Kabla ya kupanda tena, zunguka mtaani mwezi wa Septemba na Oktoba uangalie ni mti gani una majani safi wakati ya wenzake yamejikunja. Mwombe mwenye mti vikonyo, kisha tafuta anayejua kubebesha. Afisa ugani wa kata ndiye wa kumwuliza kwanza, na kwa wa Mbeya kituo cha utafiti cha TARI Uyole kipo jirani.

Panda mahali panapopata jua la asubuhi, ili umande ukauke mapema. Usipande chini ya paa linalodondosha maji wala kwenye bonde la ukungu.

Kwa sasa, mwenye majani mekundu mtini aweke chini chupa ya dawa, achukue ndoo ya maji na samadi, na auguze mti wake. Kisha aandike kwenye kalenda ya ukutani, kwenye ukurasa wa Juni: angalia mpichesi. Mwezi huo mti utakuwa fito tupu na watoto hawatakuwa na sababu ya kuupanda. Hiyo ndiyo siku ya dawa.